Kaa Hapo Mpaka Nikuambie

Springi za nyuma zilishuka vidole vinne, na Fundi akaandika kipimo kwa chaki sakafuni bila kuinua kichwa. Pikipiki kuukuu ya safari ndefu, ukitaka kuigeuza iwe ya magurudumu matatu, huichagui kwa rangi. Mmoja hupanda kiti cha abiria, mwingine hukaa nyuma na futi aone uzito unaishusha kiasi gani. Fundi alikuwa amelala chali juu ya gunia katika banda la muuzaji, mguu wa kushoto umenyooka kando, na alikuwa ametoa amri kwa ukali, kama alivyozoea kumwamrisha mdogo wake: "Panda. Kaa hapo mpaka nikuambie ushuke."

Kisha mdogo wake akaingia kutoka getini.

"Nilikuwa naongea na muuzaji," alisema. "Sasa nipande?"

Fundi alidhani anafanyiwa mzaha, na mzaha wa huyu bwana ulikuwa umemfika kooni. Miaka mitatu iliyopita Fundi, dada yake, alikuwa abiria kwenye pikipiki yake. Alimwomba apunguze mwendo mara mbili, na mara zote mbili jamaa alicheka akaongeza, mpaka wakaanguka. Jamaa alitoka na mchubuko wa kiwiko. Dada alitoka na mguu usiokunjika gotini, na tangu siku hiyo kila aendako anapelekwa. Mtu aliyembeba huyu mgongoni alipokuwa mtoto, leo anangoja kupakiwa garini kama kabati! Ndiyo maana alitaka chombo chake, cha kuendesha mwenyewe, kisicho na haja ya mguu wa kukiegemeza.

Mdogo wake akanong'ona kwamba hii ya kijivu inanuka nywele zilizoungua, bora wachukue ile nyekundu. Fundi akamjibu kwamba nyekundu ina mnyororo na fremu yake imeungwa, wakati hii ina shafti na injini yenye nguvu, na kama anapenda rangi akanunue rangi ya kucha. Yote hayo yalikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba aliichagua kwa sababu mdogo wake aliikataa.

Gerejini kwake akafunga springi mpya. Zikashuka vidole vinne vilevile, pasipo mtu juu. Akakagua, akatukana, akaendelea. Alikata sehemu ya nyuma, akachomelea fremu ya ekseli, akafunga magurudumu mawili mapana, gia akaihamishia mkononi. Mchana, mashine zikizimwa, ngozi ya kiti cha nyuma ililia taratibu, kama anavyojiweka sawa mtu aliyechoka kukaa. Akikipapasa alikikuta na joto, ingawa kilikuwa kivulini.

Siku ya kuijaribu alizunguka uani mara moja tu, kwa sababu alipofika kwenye ukuta na kukata kona alihisi mikono miwili ikimshika kiuno, baridi ikapenya hadi kwenye mbavu, na alipofunga breki kifua cha mtu kikamlalia mgongoni na pumzi yenye ile harufu ya nywele ikampita sikioni, ndefu, isiyokwisha, naye hakuthubutu kutazama kioo cha pembeni kwa sababu kwenye pembe ya jicho alishaona kwamba kina kitu. Akashuka. Chini ya woga kulikuwa na hasira iliyozidi woga. Chombo hiki ni chake. Nani kamkaribisha huyu?

Mganga aliyeletwa na mdogo wake aliuliza swali hilohilo. Fundi alipomsimulia ile siku ya kupima, mama yule akatikisa kichwa.

"Ulimpandisha wewe, utamshusha wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hawa hawashuki hewani. Lazima umwambie pa kwenda. Mwelekeze pasipo na mtu. Na ungoje hasira ikutoke kwanza."

Akajiondokea. Fundi akasimama mbele ya kiti, gongo kwapani, akijaribu kutulia. Mdogo wake akaja akamshika kiwiko, kwa upole ule ule ambao kwa miaka mitatu ulimfanya atamani kumpiga.

"Dada, si nilikuambia tuchukue nyekundu?"

Yote yakapanda kwa pamoja. Fundi akauchomoa mkono wake, akakitazama kiti, na kidole akakielekeza kwa mdogo wake, akijua anachokifanya.

"Shuka," alisema. "Mfuate huyu. Yeye ndiye anayejua kubeba watu."

Springi zikapanda. Ngozi ya kiti ikajaa polepole, bonde la aliyekuwa amekaa likafutika. Kwa muda wa pumzi moja Fundi alifurahi, ndiyo, alifurahi sana.

Machozi yalimlengalenga mdogo wake, akageuka, akaiendea pikipiki yake iliyokuwa nje ya geti. Hata kabla hajainua mguu kupanda, nyuma ya pikipiki ile ikashuka. Fundi hakuhitaji futi. Vidole vinne.

"Shuka!" alipiga kelele. "Nimesema shuka!" Lakini abiria hakuwa wake tena, alikuwa amemkabidhi kwa mwingine. "Mdogo wangu!" Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka mitatu. Injini ilishawaka. Mdogo wake akainua mkono bila kugeuka, kama afanyavyo kila akigombezwa, akaingia barabarani.

Fundi akatupa gongo, akajivuta hadi kwenye chombo chake, akakiwasha. Kilikuwa chepesi, kinatii, kizuri kama alivyokiota, na hakuna aliyekuwa akimpeleka. Mbele, baada ya kona, alimsikia mdogo wake akiomba mara mbili mwendo upunguzwe. Kisha injini ikaongezwa moto, na mtu ambaye si yeye akacheka.