Mabaki ya Bi Kimya

Nilikuwa nimetoka mara moja kununua uzi wa kutungia, jua linazama, na shanga za mdogo wangu nimeziacha ndani ya oveni. Harusi yake ilikuwa kesho. Nilirudi mbio mbio, maana udongo wa polima haumsubiri mtu. Moto ukizidi kidogo unaungua, na moshi wake unakufukuza chumbani.

Chumba changu cha kufundishia kiko nyuma ya duka la fundi cherehani. Meza moja ndefu, viti visivyofanana, oveni ndogo, rafu ya ukutani. Hapo ndipo ninapowafundisha watu kutengeneza shanga, hereni na vidani kwa udongo huo laini wa plastiki, na wengi wao, niseme tu ukweli, ni hasara tupu. Kuna Mke wa Meneja, ambaye kila anachoviringisha kinatoka kama kinyesi cha mbuzi, halafu anakipiga picha. Kuna Mama Video, aliyejifunza kila kitu kwenye simu na hata kukanda hajui. Nawachekea usoni, nawasonya wakishatoka.

Na kulikuwa na Bi Kimya.

Jina hilo nilimbandika mimi. Mwanamke wa makamo, gauni lilelile la kijivu, haulizi wala hajibu. Wenzake wakitengeneza shanga, yeye tangu siku ya kwanza alishughulika na gogo moja tu. Gogo, kwa asiyejua, ni udongo uliopangwa rangi kwa rangi na kuviringishwa kwa urefu, ili picha ipite ndani yake toka mwanzo hadi mwisho. Likate popote, kama mkate, na kila kipande kitakuwa na ua lilelile au ndege yuleyule. Kwa nje halina sura. La Bi Kimya lilikuwa na rangi ya matope, na mara nyingine nilimwona akichomeka ndani yake vitu vidogo kutoka kwenye leso: unywele, kitu kama ukucha... Nilijua ni ushamba wake tu. Sikujisumbua hata kumkataza.

Siku moja kabla ya jioni hiyo, nikizitengeneza shanga za harusi, udongo wa kiini ulinipungukia. Kiini cha ushanga hakionekani, kwa hiyo sisi watu wa kazi hii hatukiharibii udongo mzuri. Tunakusanya mabaki yote ya mezani, tunayakanda mpaka yawe rangi moja ya ovyo, tunaviringisha, kisha tunafunika kwa udongo wa maana. Nani ataangalia ndani? Na wanafunzi wote huwa nawaambia mapema kwamba kinachoachwa humu ni mabaki. Nikatupa macho kwenye rafu. Lile gogo la matope lilikuwa pale, limefungwa kwenye leso.

Nikalikanda lote. Lilikuwa na uvuguvugu mkononi, nikasema ni joto la chumba.

Basi, narudi na uzi wangu, nafungua mlango, nakuta taa imezimwa. Mimi sikuwa nimeizima.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Haikuwa ya udongo kuungua, hiyo naijua. Ilikuwa harufu ya nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Na ndani ya oveni kitu kilikuwa kinagonga.

Tk... tk... tk...

"Umemweka wapi, Mwalimu?"

Bi Kimya alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, leso tupu imetandazwa magotini. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Nikamwambia darasa limeisha, na mtu mzima na akili zake hakai gizani kwenye chumba cha watu. Akaniuliza tena. Nikamjibu kwamba gogo lake nimelikanda na mabaki mengine, na kama alilitaka angelibeba kwenda nalo kwake.

"Hayakuwa mabaki," akanong'ona. "Nilikuwa nampumzisha."

Gogo hupumzishwa kweli kabla ya kukatwa, udongo ukaze, picha isivurugike. Hilo ni somo langu mwenyewe. Nikamuuliza kwa kejeli anampumzisha nani.

"Binti yangu. Nimemkusanya kidogo kidogo. Yalikuwa yamebaki macho tu."

Tk... tk...

Akasimama. Kiti hakikutoa sauti. Akasema nimpe shanga zote, aondoke nazo kabla hazijavaliwa, kwa sababu mtoto alikuwa bado hajampata mtu wa kumwingia. Aliomba kwa upole, mikono mbele, kama mtu anayeomba maji. Ningeweza kumpa. Mdogo wangu angevaa kidani chochote kile.

Nikacheka.

Nikamwambia nimesomesha wapumbavu wengi, ila yeye amewapita wote. Nikamfungulia mlango. Alipokuwa akinipita, akasema taratibu kwamba basi, atamfuata hukohuko. Oveni ikalia ting. Kugonga kukakoma.

Mdogo wangu nilimlea mwenyewe, mama alipofariki tukabaki wawili. Alikuwa na kelele kama soko. Alikuwa na pengo la mbele, alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hakumheshimu mtu, na mimi aliniita Kibibi kwa sababu ya kununa kwangu. Nilikuwa nampenda kuliko macho yangu. Yeye peke yake ndiye sikuwahi kumdharau.

Jioni hiyohiyo nikazitunga shanga zilipopoa, yeye akajaribu kidani mbele ya kioo.

"Kibibi, leo umejitahidi," akaanza, akicheka kile kicheko chake cha kuamsha majirani. "Hata hazifanani na..."

Kicheko kikakatika katikati, kama redio umeme ukizimika.

Akajitazama. Akapitisha ulimi kwenye pengo, polepole, kama mtu anayekagua nyumba aliyohamia. Kisha akafunga kifungo cha kidani vizuri, kwa mkono wa kulia.

"Asante, Mwalimu," akasema.

Harusini watu walimsifu. Ametulia, walisema. Amekua. Bi Kimya alikuwa kwenye kiti cha mwisho na gauni lake la kijivu, analia kama mama wa bibi harusi, na bibi harusi akaenda moja kwa moja kumwekea kichwa mapajani. Wageni wakadhani ni shangazi yetu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Watu wakishashika sahani hawaoni kitu.

Na mume ndiye kichwa maji kuliko wote.

"Shemeji, ulimlea vizuri," aliniambia baadaye, anatabasamu. "Hapandishi sauti kabisa." Alioa mtu, akapewa mwingine, na anashukuru.

Kila ninapooka, huwa naoka ushanga mmoja wa ziada, wa kukata ili nione kama moto umeingia mpaka ndani. Huo haukuwa kwenye kidani. Wiki ya harusi ilipopita, asubuhi moja niliuchukua, nikashika wembe, nikaukata katikati. Kiini kilipaswa kuwa matope. Nilikikanda mwenyewe, kwa mikono hii, na kilichokandwa vile hakiwezi kubaki na picha yoyote.

Kilikuwa na sura.

Ndogo, safi, kila unywele mahali pake. Mdomo wazi katikati ya kicheko. Pengo la mbele.

Nusu ya pili nayo ilikuwa nayo.

Nikaenda kwao mchana uleule. Alinikaribisha kwa adabu, akanimiminia chai kwa mkono wa kulia. Kidani kilikuwa shingoni. Mume anasema hakivui hata akioga. Nilikuwa nimekuja kukikata uzi, hilo ndilo nililopanga njia nzima. Lakini nilipoziangalia zile shanga zikipanda na kushuka na pumzi yake, nilianza kujiuliza: zikidondoka sakafuni, zikipasuka, kitakachopasuka ni nini? Mkono ukanigoma. Mume alipotoka, yeye akainama karibu na sikio langu. Nywele zake zilinuka sabuni ya watoto.

"Mwalimu," akanong'ona, bila ubaya, kama anayenipa ushauri. "Usikate tena. Analia tangu asubuhi."

Bi Kimya hajarudi darasani. Mke wa Meneja bado anakuja, bado anaviringisha vinyesi vyake, na jana aliniuliza kwa nini siku hizi simchekei. Nikamsogezea udongo mwingine.

Nusu zile mbili nimeziunganisha kwa gundi. Nilijitahidi sura zilingane, lakini kwa udogo ule macho hayakuona vizuri, na gundi hii ikishakauka haifunguki. Nimeziweka kwenye pamba, ndani ya kopo, juu ya rafu. Huwa naliweka kopo sikioni kabla wanafunzi hawajaja, nisikie kama bado analia.

Sijui kama nilizigeuza upande sahihi.