Vana Iliyofungwa Nyamitaba

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mabomba yote ya Nyamitaba yalikauka. Adelaïde, fundi wa huduma ya maji, alipanda hadi kwenye tangi akakuta vana kuu, ile ya kufungulia maji ya mabomba, imefungwa na ufunguo wake haupo. Maji yaliyozidi yalikuwa yakimwagika malishoni.

Watu walikuwa wameshampata mkosaji wao: Hakorimana, mchunga ng'ombe. Wakaamua kwamba saa sita kamili ahame kilima hicho na mifugo yake.

"Alifunga vana ili tangi ifurike, ng'ombe zake zikunywe," alisema Papa Michel, mlinzi wa tangi. "Ufunguo, njo yeye alibeba."

"Mama, haiko miye!" Hakorimana alimgeukia Adelaïde. "Nilipita saa moja. Ng'ombe zilifika pa maji, zikakataa."

Adelaïde hakupenda hukumu za haraka. Aliinama. Kwato zilifika ukingoni mwa maji, zikageuka. Akachota maji kiganjani, akanusa, pua ikamwasha. Klori, dawa ya kusafisha maji, tena nyingi kupita kiasi! Kufuli la kibanda ulimotunzwa ufunguo, ambalo mlinzi peke yake hulifungua, lilikuwa zima. Kisha akaona suruali nyeusi ya mlinzi: magotini ilikuwa na madoa mapya, meupe.

"Papa Michel, klori uliweka lini?"

"Jana magharibi, kama kila Ijumaa."

"Na leo asubuhi?"

Michel akatazama chini.

"Nilisahau ya jana, mama. Kichwa ilikuwa pa matanga ya shemeji yangu. Nikaweka tena, ndoo muzima. Kukumbuka, batoto iko karibu kuteka maji! Nikafunga vana mbio. Kisha nikasikia haya ya kusema. Miaka kumi na nane niko mu hii kazi. Ufunguo iko chini ya godoro yangu."

"Kufunga, ulifanya muzuri. Lakini huyu muntu ungeacha bamufukuze?"

"Niliogopa," alisema Michel, akalia.

Adelaïde alishusha pumzi. Hakuna aliyekunywa, ashukuriwe Mungu, na hakuna wa kuhama. Hasira aliyokuja nayo kwa mwizi wa ufunguo ikamtoka, akacheka kidogo kwa kufarijika.

Ufunguo ukaletwa, wakamwaga maji ya tangi, wakalisuuza. Saa nane maji safi yakatoka. Michel alijaza bidoni ya kwanza ya maji, akaibeba mwenyewe hadi kwa Hakorimana, watu wote wakitazama.

Hakorimana akajaza kikombe, akampa Michel.

"Anza weye, Papa. Ukikunywa, miye pia nakunywa."

Michel akanywa kikombe chote.