Kofia ya Babu Ndani ya Kopo

Tunu anakaa Michenzani, ghorofa ya tatu, na Bibi na Babu. Leo ana furaha mpaka hatulii!

Chini barabarani Mzee Kombo anapita na mkokoteni. "Makopo! Lete makopo kumi, chukua jagi jipya!"

Tunu analitaka lile jagi jekundu. Analitaka sana!

Akatafuta jikoni. Akatafuta uvunguni. Moja, mbili, tatu... tisa! Bado moja tu!

Juu ya kabati kuna kopo la biskuti, la buluu. Biskuti ziliisha zamani. Tunu akalichukua, huyoo, mbio!

Akatoa makopo, akapewa jagi. Raha iliyoje!

"Bibi, tazama jagi langu!"

Bibi akatabasamu. Kisha akatazama juu ya kabati. "Tunu, kopo langu liko wapi?"

"Lile la biskuti? Nimempa Mzee Kombo. Biskuti si zilikwisha, Bibi?"

"Mna kofia ya babu yako ndani!" Bibi akajishika kichwa. "Miezi sita naishona kwa mkono. Na Idi ni kesho!"

Lo! Mzee Kombo huyaponda makopo yote kwa nyundo, yaenee mkokotenini.

Ta! Ta! Bapa!
Mbio, Tunu, mbio!

Tunu akashuka ngazi. Akapita duka la kona.

Ta! Ta! Bapa!
Mbio, Tunu, mbio!

Yule pale! "Subiri! Subiri!"

Mzee Kombo hakugeuka. Watoto wa mtaa humtania hivyo kila siku. Amewazoea.

Akaliweka chini kopo la buluu. Nyundo ikapanda juu...

"SHIKAMOO, MZEE KOMBO!"

Ah, shikamoo haiachwi bila jibu. Mzee Kombo akaweka nyundo chini. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo! Usiliponde! Mna kofia ya babu!"

Wakalifungua. Kofia nyeupe, safi, haina hata mkunjo! Tunu akaruka, akaruka tena.

Mzee Kombo akacheka. "Chukua kofia. Kopo ni langu. Na siku nyingine, fungua kwanza!"

Jioni Babu akaijaribu kofia. Akajitazama kiooni kushoto. Akajitazama kulia.

"Ivue sasa," akasema Bibi. "Ni ya kesho."

"Sivui!"

Wakati wa kulala Bibi akamwambia tena. Babu keshalala zamani, kofia kichwani.

Tunu akacheka ndani ya chandarua mpaka usingizi ukamchukua.