Betri Iliyofunikwa

Nyumbani kwa Hadiya hakukuwa na kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake. Friji ilikuwa na kitambaa chake, kimedariziwa maua mekundu pembeni. Makochi yalivishwa, meza ilivishwa, hata mtungi wa gesi ulishonewa kanzu. Majirani wa Ukunda walimtania.

"Ukikaa sana hapa, Hadiya atakushonea kava na wewe!"

Naye alicheka, kisha akaendelea kushona. Kwake yeye, kitu unachokipenda hukiachi kipigwe na vumbi.

Siku moja mume wake, Zahoro, alileta gari nyumbani. Lilikuwa gari la haibridi. Gari la namna hiyo lina injini ya petroli, na pia lina betri kubwa ya umeme. Betri ya gari la Zahoro ilikuwa nyuma, chini ya kiti cha abiria. Petroli na umeme husaidiana, kwa hiyo gari hunywa mafuta kidogo. Muuzaji wa Mombasa alilisifu mpaka povu likamtoka.

"Betri ya gari hili haifi leo wala kesho," alisema. "Wewe endesha tu, ule faida."

Gari lilikuwa na umri wa miaka saba lilipotoka ng'ambo, lakini liling'aa. Zahoro hakuuliza zaidi.

Ili walipate, Hadiya aliuza bangili zake zote za dhahabu. Alikuwa amepewa na mama yake, Bi Ummulkheir wa Msambweni, siku ya harusi. Mama hakuambiwa. Zahoro aliushika mkono wa mkewe uliobaki mtupu.

"Mama Mahir, gari hili litakurudishia bangili zako. Wallahi nakuahidi."

Hadiya alimwamini. Alimwamini kabisa, na hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi.

Zahoro alianza kubeba wageni wa hoteli za Diani. Wageni walitoka baharini na nguo mbichi, wakakaa nazo vivyo hivyo. Kila jioni Hadiya alikung'uta mchanga kutoka kiti cha nyuma. Roho ilimuuma. Akaenda madukani Kona ya Musa, akanunua turubai laini, akashona kava.

Kava ile ilikaa sawasawa. Ilifunika kiti chote, ikashuka mpaka chini. Ubavuni mwa kiti palikuwa na kidude cha plastiki chenye matundu. Hadiya aliona matundu yale yanaingiza mchanga. Akayafunika pia, na ukingo akaushona mara mbili.

"Mashallah!" Zahoro alisema. "Gari limekuwa bibi harusi."

Kazi iliwaendea vizuri. Pesa walizookoa kwenye petroli walizitumia. Walinunua makochi mapya, ambayo bila shaka yalishonewa kava mpya.

Mwaka wa pili, Hadiya alipanda gari kwenda kumwona mama yake. Njiani alisikia mvumo.

"Baba Mahir, mbona kuna kitu kinavuma huku nyuma?"

"Ni feni. Inapoza."

"Inapoza nini?"

"Sijui, mke wangu. Magari haya yana mambo mengi."

Hapo ndipo wangeuliza fundi. Hawakuuliza.

Kaskazi ilipoingia, jua liliwaka hata usiku haukuwa na nafuu. Mchana mmoja Zahoro alikuwa anawapeleka wageni wawili Shimoni wakapande chombo cha baharini. Walipopita Msambweni, taa zikawaka kwenye dashibodi. Gari likaishiwa nguvu, likasimama. Wageni walisimama juani kando ya barabara mpaka chombo chao kikaondoka bila wao. Jioni hoteli ilimpigia Zahoro simu. Aliambiwa asirudi tena getini.

Gari lilirudi Ukunda juu ya lori. Lilishushwa uani. Hadiya alilifunika kwa turubai, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kufunika kitu hakukumpa raha.

Zahoro alipata kazi ya kulinda nyumba ya tajiri huko Diani. Mshahara ulikuwa mdogo. Alirudi asubuhi macho mekundu, akala, akalala. Dalali alikuja, akalizunguka gari, akataja bei ya chuma chakavu. Gari likiuzwa kwa bei ile, bangili zimekwenda na maji.

Ijumaa moja Bi Ummulkheir alikuja kuwatembelea. Hadiya alimwamkia, akambusu mkono. Mama hakuuachilia mkono wa binti yake.

"Bangili zi wapi, mwanangu?"

Hadiya alilitazama turubai uani.

"Gari limezila, mama."

Bi Ummulkheir hakugomba. Alikunywa chai yake, akaaga mapema. Hadiya aliona afadhali angetukanwa.

Baada ya siku ile Zahoro alichukua spana. Alisema ataifungua betri mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuinua kiti cha nyuma Hadiya alipomwona. Hadiya akakimbia nyumba ya pili, kwa Jemima. Jemima alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alikuwa amerudi karibuni kutoka Mombasa, alikofanya kazi kwenye gereji ya magari ya namna hii.

Jemima alifika na mashine yake ndogo ya kupimia magari mkononi.

"Kaka Zahoro, weka spana chini!" alisema kwa ukali. "Waziona waya hizi za rangi ya machungwa? Zina umeme wa kuua mtu. Hata gari likiwa limezimwa, humo ndani umeme umo. Betri hii haifungui mtu asiyefundishwa."

Zahoro aliweka spana chini.

Jemima alivaa glavu nzito za mpira. Aliunganisha mashine, akasoma. Alifanya kazi kwa muda mrefu. Kisha aliishika kava iliyokuwa imening'inia, akaona ilipofunika.

"Hii imekuwa hapa tangu lini?"

"Karibu tangu tuliponunua gari," alisema Hadiya.

Jemima aliipeleka pembeni, akaonyesha yale matundu.

"Betri hii hupumua kwa matundu haya. Inapofanya kazi hupata joto. Feni huvuta hewa ya ndani ya gari, inaingia hapa, inapita kwenye betri na kuipoza. Pakizibwa, betri inapikwa kidogo kidogo kila siku. Kama mlisikia feni ikivuma, ilikuwa inatafuta hewa."

Hadiya alikaa chini pale pale mchangani.

"Ni mimi," alisema. "Nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe."

"Pole, dada. Lakini si joto peke yake. Gari lilikuwa na miaka mingapi mliponunua?"

"Saba," alisema Zahoro.

"Basi na betri ilikuwa na saba. Umri wake hauanzi siku mliyolipa. Unaanza siku gari lilipotoka kiwandani. Nyingi hudumu miaka minane au kumi, nyingine zaidi zikitunzwa. Mlipaswa kuomba ipimwe kabla ya kutoa pesa."

"Muuzaji alisema haifi."

"Muuzaji alikuwa anauza." Jemima aliitazama tena mashine. "Na taa ya onyo? Haikuwaka kabla ya siku ile?"

Zahoro aliinamia spana yake. Hadiya aliinua uso.

"Baba Mahir, umeulizwa."

"Iliwaka," alisema Zahoro polepole. "Miezi mitatu kabla. Kuna mtu stendi aliifuta kwa mashine. Ikarudi, akaifuta tena."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilikuahidi bangili. Niliona haya."

Hasira ilimpanda Hadiya. Miezi mitatu! Alikuwa amekung'uta mchanga na kufua kava ile kila wiki, naye mumewe akijua kuna ubaya. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alilia.

"Kuifuta taa si kuitibu betri," alisema Jemima. "Mngekuja wakati ule, tungeiondoa kava na kuisafisha feni. Huenda tungebadilisha sehemu ndogo tu. Sasa sehemu zake nyingi zimekufa."

"Tufanye nini?" aliuliza Hadiya.

"Betri mpya ni karibu theluthi ya bei ya gari lenyewe. Ipo pia iliyotengenezwa upya. Hiyo ni nafuu, lakini sitawadanganya, umri wake ni mfupi. Labda mwaka, labda miwili. Nayo isipotengenezwa na mtu anayejua, ni pesa mmetupa. Ile petroli mliyookoa haikuwa faida yote. Sehemu yake ilikuwa ya betri, tangu safari ya kwanza."

Hadiya alitazama ndani ya nyumba kupitia mlangoni. Aliyaona makochi.

Wiki ile makochi yaliuzwa. Friji ilifuata, kisha meza. Cherehani tu Hadiya alikataa kuiuza. Vitambaa vyake vya kudarizi alivikunja, akaviweka juu ya kabati. Havikuwa na cha kufunika tena.

Jemima alifunga betri iliyotengenezwa upya na kusafisha feni. Alimwambia Zahoro aegeshe kivulini, na asiliache gari miezi bila kuliwasha. Taa ikiwaka, aje siku hiyo hiyo. Hadiya alichukua mkasi, akakata dirisha kwenye kava yake mwenyewe, mahali pa matundu. Alilizungushia pindo ili lisichanike.

Gari likawaka. Zahoro aliacha ulinzi, akawa anabeba watu wa Ukunda na Msambweni, kwa kuwa hoteli haikumrudisha. Madereva wengine waliiona kava yenye dirisha, wakauliza. Hadiya alianza kuwashonea, na kabla ya kushona alimwonyesha kila dereva mahali betri inapopumua.

Jioni moja walikuwa wamekaa mkekani katika chumba kitupu. Zahoro alileta mapato ya siku. Hadiya alitenga ya petroli na ya chakula, kisha akashika pesa zilizobaki, akachukua kibubu cha akiba.

"Hizo ni za bangili?" Zahoro aliuliza kwa sauti ya chini.

Hadiya aliutazama mkono wake mtupu. Alikumbuka mama yake alivyoushika.

"Za betri," alisema, na kuzitumbukiza. "Hii tuliyo nayo haitakaa sana. Betri kwanza."

Zahoro hakumwahidi kitu. Alitoka uani, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akapangusa mchanga wa siku ile kwenye matundu, moja baada ya jingine.