Kifurushi cha Kyengo

Mfumo ulikufa saa moja kasorobo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mabati ya Mugutha.

Inspekta Dianah Kanini alipofika kwenye kliniki ya figo, mashine sita za kusafisha damu zilikuwa zimesimama kimya kando ya vitanda, kama ng'ombe wanaongoja kukamuliwa. Wagonjwa walikuwa wamekimbizwa Thika kwa teksi, kwa sababu zamu na vipimo vya kila mmoja vilikuwa ndani ya ule mfumo, nao haukufunguka. Hakuna aliyekufa. Ila mzee mmoja, Maluki, alifika huko akitweta vibaya.

Njau, meneja, alikuwa na mshukiwa tayari. Jared Obiero, mwandishi wa programu, aligombana naye wiki iliyopita na kutoa notisi ya kuacha kazi. Jana saa kumi jioni Jared alipandisha toleo jipya la mfumo. Leo mfumo maiti. Njau hakuona cha kuchunguza. Polisi wa Ruiru walimkuta Jared akinywa chai nyumbani kwake, wakamchukua. Saa nane mchana angesimamishwa mahakamani Thika kwa kuharibu mfumo wa kompyuta kwa makusudi, na baada ya hapo hakuna hospitali ambayo ingempa kazi tena.

Dianah alisomea kompyuta chuoni kabla ya kwenda Kiganjo kuwa polisi. Alinakili diski ya seva ili asichafue ushahidi, kisha akafungua kumbukumbu za makosa. Mistari ilishuka kwenye kioo kama mvua dirishani. Aliisoma polepole, kidevu mkononi, hata akasahau kwamba Njau amesimama nyuma yake akipumua.

Programu ya aina ile haijengwi kwa kipande kimoja. Ni vipande mamia, kila kimoja na jina lake, vimefungwa ndani ya vifurushi. Seva ikihitaji kipande, inakitafuta kwa jina. Na kosa la asubuhi lilisema hivi: kipande kimepatikana, lakini kazi kinayoagizwa kuifanya haimo ndani yake.

Hilo lilimsumbua. Mtu mwenye hasira angefuta. Hapa hakuna kilichofutwa.

Alimkuta Jared kwenye benchi la seli, viatu bila kamba.

"Jana ulipandisha nini?"

"Toleo jipya, madam. Nikalijaribu mpaka saa kumi na moja. Lilikuwa poa kabisa."

"Leo ni bovu."

"Linasemaje?"

Dianah alimweleza. Jared alifumba macho, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba anayoijua gizani.

"Kipande kipo, lakini hakijui kazi yake," alisema. "Basi hicho si changu. Ni cha zamani, chenye jina lile lile."

"Si ulikifuta?"

"Nilikifuta kwenye folda ya mfumo. Lakini seva ina folda nyingine, ya pamoja. Tuliipanga iangalie huko kwanza. Ikikuta jina inalotafuta, inaokota hapo hapo. Haiendi mbele."

"Folda hiyo inajulikana na nani?"

"Mimi. Na Kyengo aliyeujenga mfumo. Lakini Kyengo tulimzika Gatuanyaga mwezi wa pili."

Dianah alirudi Mugutha. Aliiwasha ile nakala ya seva na kuiamuru itaje, kwa kila kipande, mahali ilipokiokota. Majina yakaanza kupita, mamia, yote kutoka folda ya mfumo. Kisha kundi dogo likatoka kwingine. Folda ya pamoja. Kifurushi kiliwekwa leo, saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane, kwa kompyuta ya mapokezi. Kilitoka kwenye flash disk, na namba yake ilikuwa imebaki kwenye kumbukumbu.

Kitabu cha getini kilikuwa na jina moja tu kabla ya saa moja. Viola, wa mapokezi.

Alikuja bila kubishana, akaketi. Dianah hakuwa ameuliza kitu alipoivua ile flash shingoni, iliyoning'inia kwa uzi wa manjano, na kuiweka mezani. Namba ilikuwa ile ile.

"Nani alikuonyesha folda ya pamoja?"

"Kyengo. Aliniambia ukurasa wa kwanza wa mfumo ukigoma niweke kifurushi hiki hapo, nizime seva, niwashe. Siku zake ilikuwa inakubali kila mara."

"Leo ulikuwa umegoma?"

Viola alitazama mikono yake.

"Hapana, Inspekta."

"Basi kwa nini?"

Alieleza kwa sauti ndogo. Ukurasa wa kwanza wa Kyengo ulimsalimu kila mfanyakazi kwa jina. Yeye alikuwa amewekewa maneno yake mwenyewe, *Umefika, Viola. Sasa kumekucha.* Hakuna aliyejua. Yeye na Kyengo walikuwa wakingoja Desemba ndipo waende Kakamega kujitambulisha kwa wazazi wa Viola. Kyengo alipokufa, salamu ilibaki, kila asubuhi. Jana jioni toleo la Jared lilipowaka, ukurasa ulikuwa mweupe, wenye nembo ya kliniki tu.

"Nilitaka ukurasa ule tu," alisema. "Sikujua kwamba vile vipande vipya vitamwendea Kyengo kuomba kitu ambacho hakuwahi kukiandika."

"Na Jared ukamwacha seli."

"Njau alikuwa ameshasema ni Jared. Niliona nikifungua mdomo, mtakuja kuichukua hii." Aligusa uzi. "Sina nyingine. Najua ni vibaya. Nilikuwa namfikiria Jared huko seli na bado nanyamaza."

Ilikuwa saa saba na robo. Dianah alipiga simu Ruiru, akaagiza Jared asipandishwe gari la mahakamani, arudishiwe kamba zake za viatu. Aliitia flash disk kwenye mfuko wa ushahidi, akaufunga, akauandikia namba. Kisha akamsomea Viola haki zake na kumwambia waende kituoni, ayaandike yote kwa mkono wake, na la Jared alitangulize.

Mlangoni Dianah alisimama.

"Ukurasa ulifunguka?"

Swali hilo halikuwa la jalada, na wote wawili walijua.

"Ulifunguka," Viola alisema. "Ukaniita jina. Halafu ukafa."