Msimamizi Asiyekaa

Nilianguka mbele ya watu ishirini... na Pacha akaruka mguu wangu kwenda kupokea simu yangu!

Jamani, Pacha si ndugu yangu. Walituita hivyo kwa sababu viti vyetu vilipakana miaka minne, tukipokea simu za wateja wenye malalamiko. Masaa kumi kwa siku, makalio hayajui upepo.

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umevimba wiki nzima. Nikisimama kuunyoosha, bosi ananiita.

"Leo umesimama mara tatu. Kuna nini?"

Alijuaje, na ofisi yake iko ghorofa ya juu?

Siku ile nilipoanguka, nikapelekwa hospitali. Daktari aliuminya mguu nikalia.

"Unakaa masaa mangapi kazini?"

"Kumi."

"Damu imeganda humu. Ikipanda kwenye mapafu, dada, wanao watalelewa na wengine."

Nikalazwa siku tisa. Kurudi kazini... Pacha ndiye msimamizi mpya.

Mama wa usafi akaninong'oneza, "Yeye ndiye aliyekuwa anakuandika kwa bosi kila ukisimama. Cheo amekipata hivyo."

Na mimi ndiye niliyemlelea mwanawe alipokuwa mgonjwa. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sikumgombeza. Nikapanda kwa bosi na barua ya daktari: wafanyakazi wasimame kila nusu saa. Bosi aliogopa kesi.

"Sasa nani atahakikisha wanasimama?"

"Msimamizi," nikasema taratibu. "Cheo chenyewe kinasema, bosi. Msimamizi akikaa, si atakuwa mkalizi?"

Akacheka, ila akaipenda. Kiti cha Pacha kikaondolewa, azunguke ukumbini zamu nzima. Na vile viatu vyake virefu! Siku ya kwanza alichechemea mpaka jioni, nami nikimpitia nasema, "Pole, msimamizi." Nilifurahi, sidanganyi.

Miezi mitatu ikapita. Jana akanijia, machozi yanamtoka. Nikajua leo anaomba msamaha.

"Nimetoka kupima," akasema. "Presha imeshuka, mgongo hauumi tena. Daktari kasema ningeendelea kukaa vile, ningekufa. Pacha wangu, umeniokoa."

Akanikumbatia mbele ya ofisi nzima. Watu wakapiga makofi.

Yaani nilitaka kumkomoa, nikamtibu! Mimi bado nameza dawa za damu, yeye anapanda ngazi akiimba.

Wewe unayesoma hii, umekaa hapo tangu saa ngapi? Inuka, tembea kidogo. Usingoje adui yako akuinue.

Na msiniulize kama nimemsamehe.