Ufunguo Alikuwa Nao Faisal

"Faisal, fungua! Rose anaanguka!"

Zakia alipiga mlango wa chuma kwa ngumi. Nyuma yake pasi ilikuwa imeshika moto, moshi umejaa chumba cha kushonea, na mafundi wenzake wanagombea hewa kwenye nondo za dirisha.

Mchumba wake, msimamizi wa kiwanda, alijibu kutoka nje.

"Subiri, nampigia bosi."

"Ufunguo si unao wewe!"

"Amekataza mtu kutoka mpaka oda ya sare za shule iishe."

"Rose ana mimba, Faisal!"

Akamsikia akisema kwa adabu, "Haloo, bosi? Samahani kukusumbua…"

Alipokuja kufungua, Rose alikuwa amezimia.

Mimba ilitoka. Jioni, Zakia akiwa kando ya kitanda cha Rose hospitalini, meseji ikaingia:

"Mpenzi, kesho anakuja afisa kazi. Ukiulizwa sema mlango ulikuwa wazi. Harusi ni Jumamosi, usiniharibie."

"Nani huyo?" Rose aliuliza.

"Faisal."

"Amenipa pole?"

Zakia aliisoma tena ile meseji. Akaigeuza simu kifudifudi kitandani.

Kesho yake afisa kazi, mama mmoja aitwaye Wilhelmina, alisimama katikati ya vyerehani.

"Huu mlango huwa mnaufunga?"

"Hapana, mama," Faisal alisema. "Uko wazi muda wote."

Mafundi waliinamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha. Zakia akainuka.

"Shikamoo, mama. Jana tulifungiwa humu, moto unawaka. Aliyefunga ni huyu. Ni mchumba wangu."

"Zakia!"

"Una uhakika, binti?"

"Nilikuwa ndani, mama."

"Hata mimi nilikuwemo," fundi Paskazia alisema kutoka nyuma.

Nje, Faisal alimshika Zakia mkono, machozi yakimlengalenga.

"Nilikuwa natafuta maisha yetu. Nilimwogopa bosi, Zakia. Nisamehe."

"Na mimi niliogopa. Nikakuita kwa jina lako, ukanisikia, ukaniacha kwenye moshi."

Alijitoa mkononi mwake, akatembea hadi barabara ya Pasiansi, akampigia simu mama yake aliyeko Kisesa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Niko na shangazi zako hapa, tunachambua mchele wa shughuli."

"Uacheni, mama," Zakia alisema, na hapo ndipo kilio kilipomtoka. "Hakuna harusi."